Maharagwe Mliyorudi Nayo Nyumbani

Kisii Mjini,
Alhamisi, 13 Novemba 1997.

Kwa dada yangu Nyanchera,

Pokea salamu nyingi kutoka hapa mjini. Mimi ni mzima wa mwili, na natumaini wewe na shemeji hamjambo, na kwamba kikohozi cha binti yenu Kwamboka kimepungua. Huku mvua inanyesha kila alasiri na nguo zangu hazikauki. Barua hii nimempa Ishmael, dereva wetu, nikamsihi akufikie kabla hujateremka chemchemini. Kama mtungi umeshajaa, msinywe hayo maji, na mtoto asiyaguse. Sababu nitakueleza, nivumilie. Nakuandikia kwa Kiswahili kama tulivyozoea tangu shuleni, na pia kwa sababu kwa Ekegusii, lugha yetu ya nyumbani, ningeona haya, nikaikunja karatasi.

Bosi wangu unamjua, Daktari Kajal, binti wa mzee Ratilal mwenye duka la vitambaa, aliyerudi juzijuzi kutoka masomoni ng'ambo. Dawa tunayoichunguza ni unga wa shaba wa kuzuia ugonjwa wa kahawa. Umetengenezwa maabarani, na chembe zake ni ndogo kiasi kwamba hata darubini ya shuleni haizioni. Majani ya kahawa yanaupokea vizuri sana. Lakini ukiingia majini hautulii chini kama matope, na kitambaa hakiuchuji. Utamfanya nini samaki, au tumbo la mtoto, hakuna anayejua bado, hata hao waliouunda.

Ndiyo maana Daktari hutumia njia yake ya kupima uamuzi wakati ujuzi haujakamilika. Tunaweka pamoja tunachojua na tusichokijua, halafu tunawauliza wenyeji wanajali nini zaidi: mavuno, mifugo, nyuki au maji. Kila mtu anagawiwa maharagwe sawa na mwenzake, anayaweka kwenye mkeka wa kile anachokithamini. Uzito huo unaingia kwenye hesabu, na hesabu inatuambia kama tupulize dawa kila mahali, tukae mbali na maji, au tungoje kwanza.

Siku ile pale uwanja wa kanisa, Manga, ulikuwepo. Wanaume waliinuka wakaweka yao, karibu yote kwenye mavuno, wakimtania jirani yenu Angwenyi kwamba akiachiwa ataweka hata maharagwe ya mkewe. Ninyi wanawake mlibaki mmekaa kwenye nyasi mpaka mkutano ukafungwa, mkaondoka na maharagwe yenu. Daktari aliniita kando akaniuliza mbona hamkuinuka. Nikamjibu kwamba wanawake wa kwetu huwaachia waume zao mambo ya dawa, na kwamba mmeridhika. Akaniamini. Hesabu ikatoka kwamba tupulize kila mahali, hadi ukingoni mwa chemchemi. Juzi Jumanne lilipuliziwa dawa shamba la Angwenyi, lile lililo juu ya chemchemi yenu, na jioni mvua ikanyesha.

Dada, nilijua kwa nini hamkuinuka. Mikeka niliitandika mimi, na niliitandika miguuni pa wazee. Mzee Omosa, baba mkwe wako, alikuwa ameketi pale pale. Ungewezaje kwenda kuinama mbele yake? Chinsoni, ile heshima ya wakwe, tumelelewa nayo sote wawili. Nilikuona umefumba kiganja, unanitazama, unangoja ndugu yako asogeze mikeka. Nikageuza macho. Nilikuwa nimejigamba kwa Daktari kwamba mambo hayo yaliisha na babu zetu, nikaona aibu ajue kwamba bado tuko hivyo. Sasa nimerudia hesabu peke yangu, nikayapa maji uzito ambao najua mngeyapa. Jibu limegeuka: tungoje. Najionea aibu.

Jana nilimweleza Daktari yote, nikitarajia anifukuze kazi. Badala yake akaniambia kwamba mama yake, Bi Indu, hadi leo hujifunika uso kwa mtandio baba mkwe wake anapoingia dukani, na tangu aolewe hajawahi kuzungumza naye ana kwa ana. Akasema ningetaja tu heshima ya wakwe, angenielewa mara moja.

Amesimamisha kupuliza dawa. Leo Ishmael atachota maji ya chemchemi yapelekwe Nairobi kupimwa, ila Daktari ameshanionya kwamba mitambo ya huko huenda isizione chembe ndogo hivyo. Kwa sasa chota maji kwenye ule mto wa upande wa pili. Najua ni mbali na mteremko unateleza. Tafadhali waambie na wenzako. Jumapili Daktari atakuja pamoja na Bi Indu, mketi nyuma ya kanisa wanawake peke yenu, bila mzee hata mmoja. Mimi nitabaki garini. Njooni na yale maharagwe, kama hamjayapika.

Nisalimie shemeji na majirani wote. Mzee Omosa nitamweleza mimi mwenyewe, usijitwike mzigo huo. Na Kwamboka akiuliza kwa nini siku hizi mnayapita maji ya karibu, usinitetee. Mwambie ni mjomba wake.

Ni mimi ndugu yako,
Makori.