Mguu wa Mama na Ile Chanjo ya Kupe

Seglinge,
Jumapili, 14 Septemba

Mpendwa mdogo wangu Disa,

Salamu nyingi kutoka kisiwani. Hujambo huko Thunder Bay? Shemeji Ray na watoto wazima? Sisi tunaendelea, ingawa nimeinuka kitini mara tatu tangu nianze ukurasa huu. Siwezi kutulia, utanisamehe mwandiko.

Ni mguu wa Mama. Mwezi wa Machi alijigonga muundi kwenye rundo la kuni, mchubuko tu wa kuosha na kusahau. Miezi sita imepita na kidonda hakijafunga. Ngozi inayokizunguka imekuwa ya zambarau, nyembamba kama ganda la kitunguu, mishipa yote inaonekana. Unajua tulivyozoea kusema: ni baridi ya maji, miaka yote ile ya kupiga magoti gatini akisugua mazulia. Na soksi zake za sufu havui hata kiangazi, nani angeona?

Agosti nilimpandisha feri, amenuna njia nzima. Daktari wa mjini Mariehamn, binti mpole, alimpima damu akachukua na kipande cha ngozi. Majibu yakaja: ugonjwa wa Lyme, wa siku nyingi, pengine kupe wa miaka kumi iliyopita. Akaandika vidonge vya wiki nne. Alisema ngozi iliyokonda huenda isirudi yote, ila kidonda kina nafasi ya kufunga. Bila dawa, ugonjwa utaendelea kula ngozi na mishipa ya fahamu.

Basi Mama akavificha vidonge nyuma ya kopo la kahawa.

"Mimi nimechanjwa kupe," akaniambia. "Huyo mtoto hajui kazi."

Disa, aliyemwaminisha hivyo ni mimi. Hapa sote tunaiita chanjo ya kupe, nami nikaamini jina. Kumbe inazuia ugonjwa wa Kumlinge peke yake, ile homa ya ubongo iletwayo na kupe, Lyme haiigusi. Kila tulipotoka kuchomwa sindano nilimwambia sasa atembee na kondoo wake nyasini bila wasiwasi, naye akaacha kujikagua. Naona aibu.

Ijumaa nilikiri kwake mezani, viazi vikiwa bado vya moto. Alimenya kiazi chake mpaka mwisho.

"Gunnel," akasema, "umekuwa ukiniamrisha tangu ulipojua kuongea. Ilikuwa lazima siku moja ukosee. Lete hivyo vidonge. Na wewe vua soksi nikuone."

Alinikagua kwa miwani yake ya kufumia, mpaka katikati ya vidole. Hakuona alama yoyote. Leo ni siku yake ya tatu ya dawa na kidonda ni kile kile. Nakichungulia asubuhi na jioni, mpaka ananifukuza.

Msalimie Ray, na Kaisa na Jonas wabusu. Shangazi Maj-Len anawasalimu. Mungu awafunike nyote.

Ila, Disa, wewe nawe umekuja hapa kila kiangazi, na ni mimi niliyekwambia umeshachanjwa, lala nyasini upendavyo. Mwaka jana ulinionyesha wekundu kwenye mguu wa kulia, ukasema kiatu kinabana. Leo vua soksi, simama dirishani, uangalie kama wekundu ule bado upo. Kisha nipigie, saa yoyote.

Dada yako akupendaye na asiyetulia,
Gunnel