Mama Kiroba

Shishiyu, 13/3/2025

Dada Zainabu,

Mwangaluka. Huku tu wazima, kifua tu kinanisumbua kidogo. Shemeji hajambo? Na saumu mnaendeleaje?

Unga mliotuletea kutoka msikitini kwenu umetufaa. Tangu upepo uchukue mabati na mvua iloweshe mahindi yote, mwanangu Winnie alikuwa hajashiba. Mwambie sheikh wenu Mungu ambariki, ingawa walituchukulia wewe ukasilimu, tukabaki na kitimoto chetu.

Lakini dada, ile picha niliyobeba kiroba cha unga. Uliponiambia "tabasamu, mdogo wangu", nilitabasamu kwa sababu ni wewe. Sikujua itazunguka kwenye simu za watu mpaka gulioni. Sasa naitwa Mama Kiroba. Walioiona wanacheka, wasioiona wanadhani nakunywa pombe za viroba. Jana Winnie kapigana shuleni. Mimi simu yangu ililowa, picha yenyewe sijaiona, ila nimesimuliwa mpaka rangi ya kanga.

Barua nampa Dastan wa kuku, anapita kila Alhamisi.

Mdogo wako,
Mektilda

Bariadi, 19/3/2025

Mdogo wangu Mektilda,

Amani iwe kwako. Sisi hatujambo, alhamdulillahi. Hicho kifua ukitazame.

Pole kwa maneno ya watu. Ila picha hatuwezi kuacha. Waliochanga wako mbali, wanataka kuona vitu vimefika, wasije wakasema kamati tumekula. Mshika simu ni mimi, ningekuruka wewe wangesema napendelea ndugu. Na kukupa wewe mwenzio napata thawabu mbili, ya sadaka na ya kuunga udugu.

Tarehe nane Aprili tunarudi na mabati na mablanketi. Jina lako ni la tatu. Uje, uvae kanga nyingine kama ile imekuchosha.

Dada yako,
Zainabu

Shishiyu, 10/4/2025

Dada,

Habari za Idi? Nimesikia uliliita jina langu mara tatu. Usinikasirikie. Nilifika mpaka kwenye kona, nikaona mzee Yakobo anaambiwa ainue bati juu zaidi, mikono inamtetemeka, nikarudi. Nikafunga mlango. Winnie akasema, "Mama, unafunga mlango na paa hatuna?" Tulicheka mpaka nikakohoa.

Kifua kimekaza sasa. Njoo wewe, dada. Usilete simu wala kitu. Michembe ya viazi kidogo ipo, tule tuongee.

Mdogo wako,
Mektilda

Bariadi, 16/4/2025

Mdogo wangu,

Amani iwe kwako. Huo mlango nimeucheka, halafu nikalia. Mabati na blanketi lako nimeviweka kando, nitakuja navyo mwenyewe. Kesho tunakwenda Nyashimo, kuna watu maji yamewatoa kwenye nyumba zao, na orodha ninayo mimi. Nivumilie wiki mbili. Zahanati uende, tafadhali.

Dada yako,
Zainabu

Bariadi, 7/5/2025

Mdogo wangu Mektilda,

Nimezoea kuanza kwa kukuuliza afya.

Winnie aliazima simu ya mwalimu, akanipata Nyashimo nikiandika majina ya watu. Akasema, "Mama mkubwa, kichomi kimemchukua mama." Nilifika na blanketi kwapani. Nilimfunika nalo Winnie.

Juu ya jeneza waliweka picha yako. Hawakuwa na nyingine, maisha yako yote ulipigwa ile tu. Mwenye studio alikata kiroba, lakini mikono ikabaki imekunjwa, imebeba kitu kisichokuwepo. Waliokuwa wanakucheka walipita mmoja mmoja mbele yake, na hilo jina hakulitaja mtu.

Sheikh ametusomesha miaka yote kwamba Mwenyezi Mungu amekataza kuiharibu sadaka kwa kumsimbulia uliyempa. Mimi nilidhani kusimbulia ni kwa mdomo. Simu nimewarudishia kamati. Zile thawabu mbili nilizokuandikia naona haya hata kuzitaja.

Winnie yuko kwangu. Fundi ameshayapiga mabati, nyumba yako ina paa na haina mtu. Dastan ameniuliza jana kama nina barua ya Shishiyu. Nimemwambia bado naandika.

Siku ya mazishi mama mmoja alisimama karibu yangu, akaitazama picha, akasema, "Angalau alikuwa na furaha." Angejua ulikuwa unamtabasamia nani, angeuliza huyo dada alikuwa wapi.

Dada yako,
Zainabu