Mkaa wa Bwana Harusi

Ijumaa, 2 Agosti 2024

Maji yamegeuka tena! Jana asubuhi safi, leo njano kama chai ya rangi. Bwana Harusi yuko juu juu, anahema. Hajagusa chakula.

Mama kamkalia toka alfajiri. Anamsemesha — ale, asimwaibishe mbele ya watu. Mimi mwanawe hanibembelezi hivyo!

Na yote haya kwa tangi la lita arobaini la maji ya chumvi na samaki mmoja wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeupe. Kaka Omari alimleta kutoka Dar mwezi wa tano. Mama tulikuwa tumemchukua Bagamoyo baada ya baba kufariki. Hali, hasemi, begi hajalifungua. Babu yake alitembea na misafara kutoka huko mpaka hapa Tabora, miezi mitatu, mzigo begani. Yeye kaja kwa basi siku moja na analalamika ni mbali! Samaki alipofika, mama akamwita Bwana Harusi, na begi likafunguliwa siku ile ile.

Leo kanitamkia wazi: huyu akifa, mimi hapa kwako sikai, narudi kwangu. Kwake wapi? Nyumba haina mtu, na presha ile.

Hafi. Nimesema hafi.

Jumapili, 4 Agosti

Nimeamua ni kaboni. Ile ya kwenye chujio imechoka. Inanyonya rangi, harufu, uchafu usioonekana kwa macho, mpaka inashiba na kuacha kazi. Mpya Omari anaituma kesho kwa basi. Sasa mimi nikajisemea, kaboni si mkaa tu? Tabora hii tukose mkaa! Nikaponda wa jikoni, nikauosha maji saba, nikautia kwenye soksi, nikauweka kwenye chujio.

Loo! Nusu saa tu, maji kama yameoshewa sufuria.

Nimempigia mwalimu Wilbroad wa kemia. Miaka tisa mimi ni fundi wa maabara yake, aibu gani hii. Kacheka kwanza, kacheka sana. Halafu kasema mkaa wa jikoni una majivu na hauna nguvu ya kunyonya. Ule wa chujio huchomwa tena kwa mvuke mpaka unabaki vitundu vitupu ndani, na uchafu unanasa humo. Toa hiyo soksi sasa hivi, Shamila.

Nimetoa. Nimebadilisha lita nane za maji. Mama kauliza kwa nini nataka kumpika samaki wake.

Jumanne, 6 Agosti

Kifurushi kimefika. Nimesuuza kaboni mpaka vumbi jeusi likaisha, nikaitia kwenye kifuko cha wavu, nikaifunga. Tuone.

Alhamisi, 8 Agosti

Nane Nane, hakuna kazi. Maji yanang'aa! Bwana Harusi kala mara mbili na anazunguka tangi zima. Mama kaimba wakati anakuna nazi. Kuimba!

Mchana wamekuja majirani kumtazama. Mama Agnetha na wanawe, Mwanahawa wa nyumba ya pili, na wengine siwajui. Wamesifu mpaka basi. Mama sifa nyingi hazipendi, anaogopa husuda. Magharibi katoa chetezo chake, kafukiza udi nyumba nzima kama afanyavyo kila Alhamisi. Mpaka mapazia yananukia.

Nimefurahi leo. Acha niandike hivyo hivyo.

Ijumaa, 9 Agosti

Njano. Juu juu tena, anahema.

Kaboni ya siku tatu! Omari anasema labda kauziwa feki. Nimelia jikoni kidogo, nikanawa uso, nikabadilisha maji. Bado kaboni ya mara mbili imebaki kwenye pakiti. Nimeweka nyingine. Hafi huyu.

Jumamosi, 10 Agosti

Nimesoma daftari hili kurudi nyuma. Maji yaligeuka tarehe 19 Julai. Tarehe 26. Tarehe 2. Tarehe 9. Nikatazama kalenda ya ukutani — Ijumaa, zote nne!

Nikaenda sebuleni nikapiga magoti. Pampu ya hewa iko sakafuni, nyuma ya kigoda. Na juu ya kigoda ndipo mama anapoweka chetezo, tangu majirani waanze kuja mwezi wa saba. Karibu kabisa na tangi, makusudi, samaki apate moshi mwingi kuliko sisi sote. Pampu inauvuta na kuupuliza ndani ya maji. Nimeunusa mpira wake. Udi mtupu!

Jamani mama yangu. Anamkinga, kumbe anamuua.

Jumanne, 13 Agosti

Nimempigia Omari nikiwa uani. Kasema mwambie tu, si udi tu, kuna nini? Rahisi kwake, yuko Dar! Nikamuuliza kama kasahau baba. Baba na kifua kile, na mama alimfukizia kila siku mpaka siku ya mwisho. Leo nimwambie moshi wake unaua, atafikiri nini? Atalala?

Nikamwambia nitahamisha pampu. Nitabadilisha kaboni kila Ijumaa mpaka nizeeke. Lakini neno hilo mdomoni kwangu halitoki! Nilipaza sauti, najijua, nikikasirika najisahau.

Kugeuka, mama yuko dirishani anachambua mchele. Kaniuliza kama Omari mzima. Nikasema mzima, mama.

Alhamisi, 15 Agosti

Niko tayari. Nimenunua mpira mrefu, pampu iko barazani sasa, inavuta hewa ya nje. Kitambaa cha kufunika tangi kipo. Kaboni ya mwisho nimeshaisuuza. Omari atatuma nyingine. Afukize mpaka achoke!

Magharibi imepita. Mama katoka chumbani na chetezo, hakina moto. Mkaa umekwisha, kasema. Gunia nimelileta mwenyewe jana, limesimama uani, kamba haijakatwa.

Nikakikunja kitambaa cha tangi. Kakitazama kile chetezo, kakifunga kwenye kanga, kaenda kukitia kwenye begi lake. Lile la Bagamoyo.

Karudi. Kakaa kwenye kigoda, kamrushia Bwana Harusi chakula. Kala chote. Mama katabasamu kidogo. Halafu, bila kunigeukia:

— Shamila, chumba cha baba yako madirisha tulikuwa tunayafunga nikimfukizia, si ndiyo?

Nimejifanya naandika. Anasubiri.