Nilimwambia Royce Labda Ni Joto

Bibi Verna, nasoma ukurasa wako wa ushauri gazetini kila Jumapili na sikudhani siku moja ningekuandikia, lakini nimefika mahali chakula hakipiti, nisaidie hata kama ni kwa kunitukana.

Nina miaka hamsini na sita, naishi mji wa Chillicothe, na kwenye chumba cha chini ya nyumba yangu nafuga chatu wadogo wa kuuza, wale tunaowapandisha mwaka hadi mwaka kutafuta rangi na madoa mapya, na miaka sita iliyopita nilipata mmoja ambaye hakuna mfugaji mwingine aliyekuwa naye, chatu wa rangi ya majivu mwenye mstari wa dhahabu mgongoni, basi kwenye maonyesho ya nyoka watu wakapanga foleni kumtazama na kwa mara ya kwanza maishani nikawa mtu anayejulikana. Lakini kila uzao wa rangi hiyo ulitoa wawili watatu wenye kasoro, wakifikisha miezi kadhaa kichwa kinapinda kinatazama juu, nyoka akitaka kumkamata panya anauma hewa, anajaribu tena na tena mpaka anachoka. Hao niliwatia kwenye friza wakafa humo na sikumwambia mtu, maana ningesema, soko la rangi yangu lingekuwa limekwisha siku hiyo hiyo.

Sasa nina rafiki, Royce Tackett, tulifanya kazi pamoja kiwanda cha karatasi miaka kumi na tisa, alipopunguzwa kazini akanunua kwangu jozi ya rangi hiyo ya kuanzia ufugaji, akaniuliza kama ukoo wao ni safi, nikamwambia safi kabisa. Akazalisha, akauza, na mwaka jana wateja wakaanza kumrudishia nyoka wenye vichwa vilivyopinda, wakamwandika mtandaoni kwamba anatesa wanyama, waandaaji wa maonyesho wakamnyima meza ya kuuzia. Akaja kwangu na daftari alimoandika joto la mashine ya kutotoleshea mayai, siku kwa siku, akalifungua mezani akasema, "Delbert, wewe ndiye unayejua haya mambo. Nimekosea wapi?" Nikalipitia lote, halikuwa na kosa hata moja, nikamjibu, "Labda joto lilizidi kidogo."

Alirudi nyumbani akawaua nyoka wake wote arobaini na mmoja, wazima kwa wagonjwa, na mkewe Charlene anasema tangu Februari hatoki nje, hanyoi ndevu, anarudia kwamba kila anachogusa kinaharibika. Jumapili iliyopita Charlene alinishika mkono kanisani akanishukuru kwa kuwa rafiki wa kweli. Je, nimwambie sasa, au nitamuumiza zaidi, maana nyoka wameshakufa na hawarudi?

Delbert

Delbert,

Swali lako la mwisho umeliuliza ili nikuruhusu kunyamaza. Sikuruhusu.

Naamini unaumia, asiye na dhamiri hakosi usingizi wala chakula. Lakini ulipomuuzia wale nyoka ulikuwa mwongo kama waongo wengine wa sokoni. Ulipolifunga lile daftari ukamwambia joto lilizidi, ulimtwika uovu wako mtu aliyekuja kwako kwa kukuamini, naye akaenda kuua wanyama wazima kwa neno lako.

Nyoka hawarudi, kweli. Royce bado yupo, na mtu anayejifungia hivyo anaweza kujiondoa duniani pia. Kwa hiyo mpigie Charlene sasa hivi, mwambie amwite daktari, na umwambie kwa nini. Kisha nenda mwenyewe, leo, ukae mbele ya Royce umwambie kwamba hakukosea popote, kwamba ulijua tangu mwanzo. Usianze kumweleza jinsi unavyoteseka. Ukitoka hapo, andika ukweli kwa jina lako kamili palepale walipomchafua, na uwaarifu wote walionunua ukoo huo. Usipandishe tena hata mmoja. Wenye kasoro ulio nao wapeleke kwa daktari wa wanyama, friza uiachie nyama.

Huenda akakupiga. Huenda asiseme nawe tena mpaka mmoja wenu azikwe. Lakini usimwombe msamaha siku hiyo, Delbert. Umeshachukua vya kutosha katika nyumba ile.

Verna