Kakule alikataa kuitwa mudogo

Benita, acha byote usome. Kakule na ile mudomo yake!!

Si unajua Kakule, bwana ya Kyakimwa, alipata myaka kumi juu ya kuuza bangi, akafanya appel juu bamupunguzie? Leo avoka alimutetea muzuri: vita ilikula dépôt yake ya bintu kule Goma, akakimbilia Kasumbalesa, iko na batoto, alikuwa tu détaillant mudogo, wa kuuza kidogo-kidogo. Juge anaanza kuitikia na kichwa. Kyakimwa anaanza kupumua.

Kakule anasimama. ANASIMAMA! Kyakimwa anamuvuta koti, bure.

"Mimi détaillant? Kasumbalesa yote inanijua, mimi niko grossiste, nauzaka magunia kwa magunia!"

Grossiste!! Ya bangi!! Mbele ya procureur mwenye alikuwa anaomba baongeze!

Balimupa kumi na tano.

Kutoka, na pingu ku mikono, Kakule anamuuliza Kyakimwa: "Uliona vile bote balinyamaza?"