Alama Tatu kwa Shemeji

Free Area, Nakuru
8 Septemba 2025

Na jambo lingine, Kaka Jalal, ambalo sikulimaliza jana kabla hujanikatia simu: alama tatu kwa kumi? Tatu! Hata yule mwalimu wa hesabu aliyenichukia waziwazi hakuwahi kunipa tatu.

Assalamu alaikum kwanza. Natumai wewe na wifi mko wazima huko Karagita, na kifua cha mtoto kimepona. Sisi tu wazima, ila mimi nina hasira. Naandika kwa sababu kwenye simu tunapigiana kelele tu.

Najua wanachama wa klabu yetu ya mpira, Heroe, walikuweka kwenye kamati ya kumpima meneja mkuu kwa sababu uliwahi kuwa nahodha. Najua timu inakaribia kushuka daraja. Lakini meneja huyo ni Nasir wangu, na baba hayupo, wewe ndiwe uliyeniozesha kwake. Mwezi wa sita unampa dada yako, mwezi wa tisa unasema hafai kazi?

Unasema alimwacha Kimaiyo aende. Kimaiyo ndiye aliyetukimbia! Nasir aliwaambia wanachama wazi kwamba senta huyo alitaka makubwa, akaenda timu ya Nairobi bila hata kuaga. Yeye hana shukrani, lawama abebe mume wangu?

Humjui ninavyomjua. Asubuhi ananipikia chai ya tangawizi na kuniletea kitandani. Akicheka, nyumba nzima inapata joto. Na siku za fungate, Shangazi Kuluthum alipomwambia bwana harusi hatoki nje wala hagusi simu mpaka siku saba ziishe, unajua alifanya nini? Aliitoa simu mwenyewe, Shangazi akaifungia kabatini pamoja na sahani za wageni. Hakuiulizia hata mara moja! Niambie mwanaume gani wa siku hizi anaweza hivyo. Nilikuwa dunia yake yote.

Ifute hiyo tatu.

Dada yako,
Rumaisa

Karagita
13 Septemba 2025

Dada Rumaisa,

Waalaikum salaam. Mtoto anapumua vizuri, Alhamdulillahi, na wifi yako anakusalimu. Mimi ndiye siko sawa. Nimeisoma barua yako, nikatoka nje, nikarudi nikaisoma tena.

Fungate yenu iliisha Jumapili. Dirisha la usajili lilifungwa Ijumaa, mkiwa ndani. Pale Heroe anayetia sahihi mkataba wa mchezaji ni meneja mkuu peke yake, hata kocha hawezi. Kimaiyo alikuwa amekubali kila kitu cha mkataba mpya. Alimpigia Nasir mpaka akachoka, akaja mpaka mlangoni kwa Shangazi, akaambiwa bwana harusi haonekani. Jioni watu wa Nairobi wakampa kalamu. Kazi yake ni mpira, na mama yake kule Molo anamtegemea. Ulitaka akae mwaka mzima bila timu?

Kimaiyo aliponiambia hayo nilidhani anajitetea. Nasir alituapia kwamba alimtafuta wiki nzima. Sasa wewe mwenyewe unaniambia simu ilikuwa inakaa na sahani!

Kumpoteza senta ni kosa la kazi, na nimemkata alama kwa hilo. Lakini tulipocheza Nairobi mashabiki wetu walimzomea yule kijana, wakamwita msaliti, na shemeji yangu alikaa kwenye benchi akitazama viatu vyake. Nami nilizomea, Rumaisa. Nilizomea mpaka sauti ikakauka.

Tatu ilikuwa ya huruma. Sasa niambie: niliandike hili au nisiliandike? Kikao cha wanachama ni tarehe kumi na moja mwezi ujao.

Kaka yako,
Jalal

Karagita
4 Oktoba 2025

Dada Rumaisa,

Assalamu alaikum. Naomba barua hii ikukute mzima, maana wifi yako anasema hata yeye humpokelei simu.

Nimejitoa kwenye kamati. Siwezi kuandika kwamba mume niliyempa dada yangu ni mwongo, na siwezi kuandika uongo. Barua yako nimeichana. Wanachama watasikia watakachosikia.

Kaka yako,
Jalal

Free Area, Nakuru
12 Oktoba 2025

Kaka Jalal,

Umekimbia! Nahodha mzima! Waalaikum salaam, sisi ni wazima, mmbusu mtoto, lakini umekimbia, na hakuna aliyekuomba.

Nilinyamaza kwa sababu sikujua nimkasirikie nani kwanza. Nilianza na Nasir. Alikuwa ameniletea chai, nikamwuliza, akakiweka kikombe chini akakubali. Eti aliona aibu kuwaambia wanachama alikuwa ndani na bibi harusi. Aibu! Mimi? Nikamwambia, "Ungesema ukweli ningetembea Nakuru yote nikijisifu. Sasa umemfanya Kimaiyo msaliti kwa sababu yangu." Tangu hapo chai yake sikuigusa. Aliileta kila asubuhi, ikapoa, akaiondoa.

Jana kikaoni alisimama mwenyewe akaungama kabla kamati haijasoma chochote. Oduor, mwenyekiti, akamwuliza, "Boss, simu ilikuwa wapi?"

"Kabatini."

"Nani aliifungia?"

Nasir alimtazama Shangazi, akanitazama mimi. "Niliitoa mwenyewe, na sikuiomba."

Shangazi akapaza sauti kutoka nyuma, "Angeomba ningempa! Fungate si jela!" Ukumbi ukaangua kicheko, hata waliokuja na hasira kama zako.

Kisha akampigia Kimaiyo mbele ya wote, sauti ikisikika ukumbini, akamwomba radhi. Kimaiyo akasema, "Nenda umwambie mama yangu. Yeye ndiye aliyeulizwa sokoni kwa nini mwanawe hana shukrani."

Wakapiga kura ya kumwondoa, ikapita. Mikono ilikwenda juu, na wangu pia, maana kadi ya uanachama ya baba sasa ni yangu. Nasir aliuona. Wewe ulimpa tatu, mimi nilimpa sifuri. Leo asubuhi akaleta chai kama kawaida, macho yamemvimba, na nikainywa yote. Jalal, nampenda mpaka najikasirikia.

Jumamosi tunaenda Molo kwa mama yake Kimaiyo. Tukitoka huko ni zamu yako. Mwambie wifi apike pilau, tugombane vizuri ana kwa ana. Kabla mwezi haujaisha utatuona mlangoni kwako, Shangazi mbele, na Nasir nyuma yake, simu mkononi.

Dada yako,
Rumaisa