Divai ya Behewani

Jumamosi. Leo hapakuwa na wingu hata moja, na ziwa lilikuwa shwari. Nimerudi nyumbani miguu inauma, gauni linanuka divai, na moyo umetulia. Acha niandike kabla usingizi haujanichukua.

Masanja, mume wangu, alikuwa hasemi nami tangu nilipopata kazi kwa Bwana Temba, anayeleta divai kutoka Afrika Kusini siku hizi za biashara huria. Tunalala kitanda kimoja, lakini maneno yake yanapitia kwa binti yetu. "Neema, mwambie mama yako chumvi imezidi." Na mama yako yupo palepale, mwiko mkononi!

Namwelewa, kwa kweli. Kiwanda cha pamba alikokuwa karani kilipofungwa, alibaki na heshima moja tu hapa mjini: mzee wa kanisa. Halafu mkewe anakwenda kuuza pombe. Lakini Neema anasoma kwa pombe hiyohiyo, na mimi kazi siiachi.

Nilichoogopa ni kuzoea. Watu huzoea kununiana, wakazeeka hivyo.

Sasa, Bwana Temba ana akili ya biashara. Alijua wanunuzi wa uhakika wa divai hapa Mwanza si baa, maana baa wanataka bia. Ni makanisa. Akakodi behewa la treni, akaalika wachungaji na wazee wa kanisa waonje divai zake jioni huku wakitazama ziwa, kwenda stesheni ya Fela na kurudi. Mchungaji wetu yuko safarini. Akamtuma nani? Masanja.

Alipanda, akanipita mlangoni nilipokuwa nikipokea wageni, kana kwamba mimi ni nguzo ya stesheni, akakaa dirishani.

Treni ilipoanza kuuacha mji jua lilikuwa linashuka ziwani, mawe yote yakawa mekundu. Wageni walikuwa kimya mno kwa watu walioalikwa kunywa. Bwana Temba akaeleza: unanusa, unaonja, unatema kwenye ndoo. Akamimina glasi ya kwanza, akampa mwinjilisti mmoja kutoka Nansio aonyeshe mfano.

Mwinjilisti akavua kofia. Akanywa funda moja, akafuta ukingo wa glasi kwa leso, akampa jirani yake.

Jirani naye vivyo hivyo, kama kikombe cha meza ya Bwana. Glasi nilizozisugua mchana kutwa zikabaki mezani, na ndoo ikabaki kavu. Nani ateme divai mbele ya wachungaji? Bwana Temba akanikodolea macho, nami nikabana kicheko.

Kisha glasi ikamfikia Masanja, na kicheko kikaniishia.

Kanisani kwetu, aliyegombana na mwenzake hagusi kikombe mpaka wapatane. Muda wote huu Masanja hajashiriki meza ya Bwana. Amekuwa akibaki kwenye benchi lake upande wa wanaume, na mimi kwenye langu.

Aliishika ile glasi kwa mikono miwili, asinywe. Bwana Temba akamuuliza kama ina kasoro.

"Siwezi kuionja," Masanja akasema, na behewa zima likasikia. "Sijapatana na mke wangu. Huyo hapo."

Wote wakageuka. Nilitamani kuruka dirishani. Halafu nikaona bado ameishika ile glasi, hainywi wala haimpi jirani. Nikaenda kukaa kando yake.

"Baba Neema, mimi sina kinyongo. Kunywa."

"Kazi yako siipendi."

"Najua."

"Ila nimechoka kukununia, Mama Neema. Nimechoka kweli."

Akanywa. Akafuta ukingo, akanipa. Nikanywa mbele ya wachungaji wote huku machozi yananitoka, na sikuona aibu. Mzee mmoja akasema "Amina," na Bwana Temba, ambaye hakuelewa kitu, akapiga makofi.

Njia nzima ya kurudi tuliongea mambo madogo: paa linalovuja, Neema anavyorefuka. Divai aliiona kali kidogo, lakini atamwambia mchungaji ainunue. Nilikuwa nimesahau jinsi anavyopenda kuongea.

Hatujamaliza. Kazi yangu bado anaichukia, nami bado naitaka.

Sasa anakoroma hapa pembeni. Kesho ni Jumapili, kuna meza ya Bwana, na tutakwenda wote wawili. Yaliyobaki tutagombana Jumatatu.